Robo Arobaini za Baba Saidi

Dada wa mapokezi aliniomba kadi ya bima, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani wa pochi, mahali ambapo kadi hiyo imekaa miaka yote. Nikaitoa, nikampa. Ilikuwa kadi yangu ya NHIF, bima ya afya ya taifa kule kwetu Tanzania. Akaigeuza mbele na nyuma, akasoma jina, akatazama picha, kisha akanirudishia kwa upole na kuniuliza kama ninayo nyingine.

Ilikuwa usiku wa Novemba 2023, katika idara ya dharura ya hospitali moja mjini Columbus, jimbo la Ohio. Nilikuwa na wiki tano tu tangu nitue Marekani kumfuata mume wangu. Kichwa kilikuwa kinagonga tangu alasiri, macho yananionyesha vitu viwili viwili, na ile mashine ndogo ya presha niliyotoka nayo Tanga ilikuwa imeandika 198 kwa 112. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 38. Namba kama ile nikiiona kwa mgonjwa pale hospitali ya Bombo nilikuwa sikai chini. Lakini siku ile nilikaa saa nne nzima kwenye kochi, nikinywa maji na kusoma Yasini, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo wenzangu mle ndani hawakulizingatia: bima niliyonunuliwa haikuwa bima ya mtu mwenye presha.

Naandika haya kwa ajili ya akina mama wa rika langu, na akina baba pia, ambao wamestaafu, wamezika wazazi wao, na sasa wanafungasha mizigo kumfuata mwenzi aliyetangulia ughaibuni. Watoto watakutafutia tiketi, koti la baridi na hata Kurani yenye maandishi makubwa. Bima watakwambia, "Mama, tutaona ukifika." Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nikafika, tukaona.

Mume wangu, Baba Saidi, aliondoka mwaka 2001, baada ya kupata grini kadi kwa bahati nasibu. Jina langu nalo lilikuwemo kwenye ile fomu, na visa yangu ingetoka siku moja na yake. Lakini mama yangu alikuwa ameanguka mwezi wa Mfungo Tatu, upande wa kulia wote umekufa, na mimi ndiye binti pekee. Tulikaa barazani nyumbani Ngamiani usiku kucha tukilijadili. Asubuhi akasema, "Mimi nitangulie, wewe mwangalie bibi. Mungu akipenda tutakutana." Tulidhani ni miaka mitatu. Mama akaishi mpaka 2018, Mungu amrehemu, na mimi nikastaafu mwaka mmoja kabla yake nikiwa na miaka 60. Maombi ya visa ya mke wa raia yakaingiliana na korona. Nilipopanda ndege Oktoba 2023 nilikuwa na miaka 66, ndoa yetu ina miaka 40, na katika hiyo 40, ishirini na miwili tulikuwa mume na mke wa simu, mizigo ya meli na likizo ya wiki nne kila alipojaliwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa bima ya afya ni makaratasi tu, simwelewi.

Nianze na ile bima ya kwanza. Mwanangu wa pili aliinunua mtandaoni siku mbili kabla ya safari, dola 178 kwa mwezi, na juu yake imeandikwa kwamba inalipa mpaka dola 50,000. Hii ni bima ya wageni, ya mtu anayekuja kutembea, akavunjika mguu au akapata homa ya mapafu. Nilisoma masharti yake usiku mmoja usingizi ulipogoma, kwa kuwa mwili bado ulikuwa unafuata saa za Tanga. Ukurasa wa kumi na kitu, kwa herufi ndogo: maradhi yoyote uliyokuwa nayo kabla ya bima kuanza hayalipiwi. Nina presha tangu 2009. Nina sukari ya vidonge tangu 2015. Kwa mtu wa miaka 66, ukiondoa maradhi aliyokuja nayo, unabaki unamwekea bima ya kitu gani? Sikumwambia mwanangu. Alikuwa amelipa kwa mkopo wa kadi, na alikuwa amefurahi mno kuniona.

Usiku ule wa Novemba walinipokea, walinipima, walinipiga picha ya kichwa, wakanipa dawa ya mshipa mpaka presha ikashuka, na alfajiri wakaniruhusu. Hapa niwatoe hofu walio na hofu kama yangu. Tangu 1986 kuna sheria Marekani inayoilazimisha hospitali yenye idara ya dharura na inayopokea fedha za Medicare, bima ya serikali ya wazee, kumpima na kumtuliza kila anayefika na dharura, awe na kadi au hana. Kwa hiyo ukihisi kifua, ukihisi upande mmoja unalegea, nenda. Usikae kwenye kochi saa nne kama nilivyokaa mimi. Nasema kama muuguzi: zile saa nne zingeweza kunipeleka alikopita mama yangu.

Bili ilifika baada ya wiki tatu. Dola 4,860. Kampuni ya bima nayo ikaleta barua ya kurasa mbili, ya heshima kabisa, kusema haihusiki.

Kilichofuata ni maneno ya watu, na karibu wote walisema sentensi moja: kwa bima ya serikali, subiri miaka mitano. Msikitini niliambiwa miaka mitano. Kwenye harusi ya kijana wa Moshi niliambiwa miaka mitano. Jirani yetu wa chini, Mama Neema, mama mzuri sana kutoka Uvira aliyenifundisha kupanda basi, alinishangaa: "Miye walinipatia kadi mwezi ule ule niliyofika! Weye bado?" Nikahuzunika, nikidhani labda kuna fomu sikujaza. Baadaye nikaelewa. Mama Neema aliingia kama mkimbizi, na wakati ule wakimbizi walikuwa hawahesabiwi ile miaka mitano. Mimi niliingia kama mke.

Hiyo miaka mitano ni kweli ipo. Tatizo ni kwamba watu wanaishika vibaya, kwa kuwa kuna vitu viwili vyenye majina yanayofanana kama mapacha. Medicaid ni matibabu ya wenye kipato cha chini. Medicare ni bima ya waliofikisha miaka 65 na baadhi ya wenye ulemavu. Zote mbili zilizaliwa kwa sheria moja mwaka 1965. Kwenye Medicaid, sheria ya Agosti 1996 inamtaka mhamiaji mwenye grini kadi asubiri miaka mitano, isipokuwa makundi machache, na majimbo kadhaa yana utaratibu wa kuwabeba watoto na wajawazito. Mzee wa miaka 66 hapa Ohio anangoja. Kwenye Medicare pia kuna miaka mitano, lakini hiyo ni kwa anayeingia kwa *kununua*: mtu ambaye si yeye wala mwenzi wake aliyechangia vya kutosha. Ni hapo ambapo sentensi ya msikitini inapotosha.

Na kuna jambo la pili lililonichanganya, la kwetu hili. Nimezoea NHIF. Nimekatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi na mwajiri akaweka 3, na kadi yangu ikabeba mwenzi na watoto. Mstaafu aliyechangia anaendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake. Kwa hiyo nilipojua Baba Saidi ana Medicare, nikaona mambo yamekwisha. Yeye mwenyewe alidhani hivyo. Hapana. Medicare haina wategemezi. Kila mtu na kadi yake, kila mtu na haki yake anayoidai mwenyewe. Alipokuwa bado kazini kwenye ghala, bima ya mwajiri ingenibeba. Alistaafu 2021, nami nikaja 2023. (Novemba hiyohiyo, Bunge kule Dodoma lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Nilisikiliza habari hiyo kwenye simu nikiwa jikoni Columbus, nikalia. Sikuwa nalilia sheria. Niliwakumbuka wagonjwa wangu waliokuwa wakiuza kuku kulipia X-ray.)

Mwanangu akampigia wakala wa bima. Wakala akauliza umri wangu, akataja dola 1,040 kwa mwezi kwa bima ya kawaida sokoni. Akaongeza kwamba kwa hali yangu hakuna njia nyingine mpaka 2028. Hakuuliza nimeolewa lini. Hakuuliza mume wangu alifanya kazi wapi. Baba Saidi alikuwa amekaa mezani anasikiliza kwa spika, akatoka nje kwenye baridi bila koti. Nilimfuata. Akasema, "Nimekuita huku kuja kukuua."

Wiki iliyofuata nilikwenda maktaba ya umma kutafuta joto na kitu cha kusoma, maana nyumbani hewa ilikuwa nzito. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi: ushauri wa bure kuhusu Medicare, kila Jumanne, kupitia OSHIIP. Kila jimbo la Marekani lina mpango kama huo. Wa Ohio ndio unaoitwa hivyo. Washauri wengi ni wastaafu wanaojitolea, wamefunzwa, na hawauzi bima ya mtu yeyote. Kama utakumbuka kitu kimoja tu katika haya yote, kumbuka kumuuliza mtu ambaye halipwi kwa jibu atakalokupa.

Nilikaa mbele ya mama mmoja mwenye nywele nyeupe na miwani ya kamba. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha wodini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu. Una umri gani? Mmeoana lini? Mumeo ana umri gani na amechangia Social Security kwa muda gani?

66. 1983. Miaka 69, na amechangia miaka 20.

Akavua miwani. "Wewe hutakiwi kungoja miaka mitano," akasema. "Hutakiwi kungoja hata mwezi."

Nitaeleza kwa namna alivyonieleza. Mfanyakazi Marekani, kila anapolipwa mshahara, anakatwa kodi ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii yao, na kodi ya Medicare. Kwa kipato chake anaandikiwa krediti, ambazo wengine bado wanaziita robo kwa sababu mwaka mzima hauwezi kuzaa zaidi ya nne. Akifikisha 40, sawa na miaka 10 ya kazi, amepata haki ya Medicare Sehemu A bila kulipia kila mwezi atakapofika miaka 65. Sehemu A ni ile ya kulazwa. Sasa hapa ndipo penyewe: haki hiyo haiishii kwake. Mke au mume wake aliyefika 65 anaweza kuidai kupitia rekodi ya mwenzi, iwapo mwenzi amefika angalau 62 na amestahili mafao, na iwapo ndoa ina angalau mwaka mmoja. Mwaka huo haulazimiki kuwa wa Marekani. Ndoa ya kihalali iliyofungwa Tanga inahesabika tangu ilipofungwa Tanga. Ukishapata Sehemu A kwa njia hiyo, mlango wa Sehemu B, ile ya daktari, vipimo na matibabu bila kulazwa, unafunguka nao, bila kuangalia umekaa nchini siku ngapi. Unachotakiwa ni kuwa mkaazi halali, na grini kadi inatosha.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Kisha akaniandikia kwenye karatasi ya njano, nami nikaikunja nikaiweka kwenye pochi, mfuko uleule wa kadi ya NHIF.

Nilipofika nyumbani sikujua nianzie wapi. Baba Saidi alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia, "Zile kazi zako za usiku, nusu ni zangu." Akadhani nataka ugomvi.

Maombi ya Medicare yanapokelewa na ofisi za Social Security. Tulienda tukiwa na pasipoti yangu yenye muhuri wa kuingia, cheti cha kuzaliwa, na cheti cha ndoa halisi. Cheti chetu kina historia yake. Kiliandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu mwaka 1983, kona moja imeliwa na mchwa, na jina langu limeandikwa kama maneno mawili wakati pasipoti inaliandika moja. Nilikitunza miaka yote ndani ya kopo la biskuti, katikati ya kadi za kliniki za watoto. Kabla ya visa, wakili wa Tanga alinitengenezea kiapo cha majina, na tafsiri ya cheti ilikuwa tayari. Kile kiapo cha karatasi moja kilituokoa mara mbili, ubalozini na hapa. Mama mwenzangu, kama vyeti vyako vina majina yanayopishana, hata kwa herufi moja, lishughulikie jambo hilo ukiwa bado nyumbani, ambako wakili yuko mtaa wa pili na mashahidi wa ndoa bado wako hai. Beba cheti halisi mkononi, usikitie kwenye sanduku linaloweza kupotea.

Tuliomba Desemba 2023. Sehemu B yangu ikaanza Januari 2024, kwa dola 174.70 kwa mwezi, ambazo zilikatwa kwenye mafao. Ndiyo, mafao: mke wa mstaafu anaweza kupata mpaka nusu ya kiwango kamili cha mume, kwa rekodi ileile, bila ya mume kupunguziwa chake. Hilo hakuna aliyetuambia kabisa, si msikitini wala harusini.

Ile bili ya dola 4,860 haikufutika kwa hayo. Sehemu A inaweza kurudishwa nyuma mpaka miezi sita, lakini mimi sikulazwa. Nilipita idara ya dharura nikaruhusiwa, na hiyo ni kazi ya Sehemu B, ambayo hairudi nyuma. Yule mama wa maktaba akanielekeza tena. Hospitali zisizo za faida, na ndizo nyingi, zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu wa maandishi wa kuwapunguzia au kuwasamehe wenye kipato kidogo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kupeleka maombi. Hawatakuja kukugongea mlango. Omba fomu. Tulijaza, tukaambatisha barua ya mafao ya Baba Saidi, na baada ya miezi miwili barua ikaja: tumesamehewa yote isipokuwa dola 60. Nikazilipa siku hiyohiyo kwa mikono yangu.

Kuna mashimo mawili ningeweza kutumbukia.

La kwanza ni ruzuku ya soko la bima, yaani msaada wa serikali wa kulipia bima unayojinunulia kwenye tovuti ya HealthCare.gov. Rafiki wa mwanangu alikuwa ameshatuanzishia fomu, na kwa kipato chetu ruzuku ingekuwa kubwa, labda ningelipa dola chache tu kwa mwezi. Lakini mtu anayestahili Sehemu A ya bure haruhusiwi ruzuku hiyo, hata kama hajajiandikisha. Ningeichukua mwaka mzima bila kujua, kisha kwenye kodi ingedaiwa. Mzee wa miaka 65 na zaidi asijaze fomu ya soko kabla hajajua msimamo wake kwenye Medicare.

La pili ni asilimia 20. Sehemu B hulipa asilimia 80 ya gharama iliyokubaliwa, na hiyo 20 iliyobaki haina kikomo. Saratani, figo, upasuaji wa moyo, asilimia 20 yake ni nyumba. Ndiyo maana kuna bima ya kuziba pengo, wanaiita Medigap. Kuna miezi sita, inayoanza siku Sehemu B yako inapoanza ukiwa na 65 au zaidi, ambamo kampuni haziruhusiwi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya maradhi. Miezi hiyo ikipita, katika majimbo mengi wanaweza kukuuliza kila kitu, na mtu wa presha na sukari anajua majibu yatakuwaje. Nilijiandikisha mwezi wa pili, dola 131. Tuliuza gari la pili. Sijajuta. Dawa nazo zina Sehemu D, na ukichelewa kuichukua unaongezewa asilimia 1 kwa kila mwezi uliokaa bila bima ya dawa, faini inayokufuata maisha yote.

Na usichelewe kwenda. Aliyefika 65 akiwa Marekani ana dirisha la miezi saba kuzunguka mwezi wa kuzaliwa. Wewe unayekuja ukiwa umeshavuka, nenda mwezi huohuo uliotua. Ukikosa dirisha lako, unangoja Januari mosi mpaka Machi 31, na kila miezi 12 kamili uliyochelewa inakuongezea asilimia 10 ya mchango wa Sehemu B.

Najua si wote walio kama mimi. Shoga yangu wa Pangani alimfuata mumewe Houston akiwa na miaka 59. Kwake Medicare bado. Mume yuko kazini, kazi ina bima ya familia, lakini nafasi ya kumwingiza mke ilikuwa siku 30 tangu afike, na walikuwa bado wanapokea wageni wa kumpongeza siku hizo zilipokwisha. Kilichomsaidia ni soko la bima, ambalo humpa mwenye grini kadi mgeni siku 60. Huko bei ya mtu wa miaka 64 inaweza kufika mara tatu ya bei ya kijana wa 21, kwa hiyo ruzuku ndiyo kila kitu. Tangu 2023, kama bima ya kazini kwa familia nzima ni ghali mno kwa kipato chenu, mke anaweza kupata ruzuku hata kama bima ya mume peke yake ni nafuu. Kabla ya hapo alikuwa hapati. Lakini mwaka 2026 umekuja na ukali mpya: nyongeza ya ruzuku iliyokuwepo tangu 2021 imekwisha, na kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, mhamiaji aliye chini ya mstari wa umaskini anayengojea ile miaka mitano ya Medicaid hapati tena ruzuku sokoni. Hao ndio walioumizwa zaidi, na naona ni uonevu, kwani wamefungiwa mlango huu kisha wakafungiwa na ule. Wakimbizi kama Mama Neema nao sheria hiyohiyo inawaondoa Medicaid kuanzia Oktoba 2026, mpaka wawe na hadhi nyingine. Mwenye grini kadi kwenye Medicare hakuguswa.

Na kama mwenzi wako hajafika 62, au hana krediti 40, basi ile miaka mitano ni yako kweli. Ukishaitimiza unaruhusiwa kununua, na si bei ndogo: Sehemu A kwa mtu asiye na krediti 30 mwaka 2026 ni dola 565 kwa mwezi, na Sehemu B dola 202.90. Wapo wanaonunua Sehemu B peke yake. Hesabuni hayo mkiwa bado Tanga, Mombasa au Bujumbura, kabla ya kuuza shamba. Kuna wengine kwao ingekuwa heri mume mstaafu arudi nyumbani, na hilo nalo lizungumzwe bila aibu.

Kadi yangu ilikuja kwa posta, karatasi tu yenye mstari mwekundu na wa bluu. Mama wa maktaba aliniambia kwamba zamani kadi ya mke ilikuwa na namba ya mume, na mwishoni herufi B. Tangu 2018 kila mtu ana namba yake.

Lakini ninachokitunza kwenye kopo la biskuti ni karatasi nyingine. Tulipokuwa tunaandaa maombi, Baba Saidi alitoa taarifa ya rekodi yake ya kazi: jedwali refu, upande mmoja mwaka, upande mwingine kipato kilichokatwa kodi. Nilivaa miwani nikaisoma mstari kwa mstari kama ninavyosoma chati ya mgonjwa. 2001, miezi mitatu tu ya kazi. 2004, kipato kimepanda, nikakumbuka ndio mwaka aliotuma pesa ya kitanda cha hospitali, kile cha kunyanyua kichwa, mama akaacha kupata vidonda. 2007, zamu mbili, ndio mwaka alikuwa hapokei simu mchana. Nilimnunia sana mwaka ule. 2009 palikuwa na shimo: dola 9,400 kwa mwaka mzima.

"Hapa ulikuwa huna kazi," nikamwambia.

"Ghala lilifunga."

"Lakini mwaka huu ndio ulituma pesa ya mabati."

Akaitazama ile namba muda mrefu, kidole chake kimekaa juu yake. "Nililala kwa Juma miezi saba," akasema. "Sikutaka ujue."